Kompyuta ya maabara iliungua na majina ya wachangia damu ndani yake: saa sita zangu na kadi ya mtandao ya bandia

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamina, Haut-Lomami, mji ambao treni ikifika siku iliyotangazwa watu wanaulizana kuna nini.

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na mikono iliyofanya ni hii ninayoandikia. Nitaeleza nilipofanya vizuri na nilipoharibu, maana niliharibu pia, na mkinicheka ni haki yenu.

Kiswahili changu mtakivumilia. Nitajitahidi kuandika cha vitabuni, ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea huku.

Mimi naitwa Chantal. Mume wangu ni mwanajeshi, kwa sasa yuko mbali kikazi. Nina kibanda cha bureautique mjini: nachapa barua, natoa fotokopi, natengeneza kompyuta. Jioni nafundisha vijana wanne watano mambo ya mtandao.

Sasa utafundishaje mtandao ukiwa na laptop moja?

Hapo ndipo nilipojifunza emulator, tena kwa kusoma nyuzi za humu humu. Ndani ya laptop moja unaanzisha mashine tatu za kuigiza, kila moja unaipa kadi yake ya mtandao isiyoshikika kwa mkono, halafu unaziacha zisalimiane. Vijana wanaona kila kitu bila mimi kununua hata waya.

Nilidhani ni kitu cha darasani tu.

Asubuhi moja, kama saa mbili na nusu, simu ikalia. Alikuwa Maseri Odette, mtawa anayesimamia wauguzi katika hospitali moja ya hapa. Mtanisamehe, hospitali siitaji.

"Chantal, ordinateur ya labo imekufa. Kuya mbio."

Nikamwambia nafungua kibanda kwanza, kuna watu wananingoja.

"Apana. Kuya sasa. Iko mama anatoka damu."

Sikuelewa kompyuta na damu vinahusianaje. Lakini Maseri si mtu wa kupandisha sauti, na siku hiyo aliipandisha. Nikachukua laptop, begi la vifaa na kile kiunganishi changu cha kusomea diski za zamani, nikapanda moto, pikipiki ya abiria.

Maabara ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua.

Papa Numbi, fundi wa maabara, mzee mpole ambaye miwani yake imefungwa na uzi, akanionyesha kompyuta. Ile ya zamani kabisa, ya Windows XP. Asubuhi walipowasha jenereta, umeme ulikuja kwa nguvu isiyo ya kawaida, kompyuta ikatoa moshi, basi.

"Mama, ndani yake mulikuwa majina ya bantu bote benye kutoaka damu," akaniambia. "Na makundi yabo. Na manamba ya simu."

"Daftari?"

"Daftari tuliacha tangu ordinateur ilikuya. Ile ya zamani muchwa ulikula."

Ndipo Maseri akanieleza hali yenyewe.

Kuna mama anaitwa Mado, ameletwa kutoka kijiji kimoja upande wa barabara ya Kabongo. Mimba imefika mwisho, kondo limekaa vibaya, anatoka damu kidogo kidogo tangu jana. Lazima apasuliwe. Ila damu yake imeshapungua mno, daktari anaogopa kumpasua bila kuwa na mfuko wa damu pembeni.

Na Mado ni O négatif, yaani O hasi. Ile ya nadra.

Najua kuna wataalamu humu watasema kwenye dharura unaweza kumpa O chanya. Papa Numbi alijaribu kuchanganya matone ya damu yake na ya shemeji yake ambaye ni O chanya. Ikashikana vibonge. Mado aliwahi kuongezewa damu kwenye uzazi uliopita, inaonekana mwili wake ulishaikataa aina hiyo.

Mume na ndugu wote waliokuja naye walipimwa. Hakuna.

Redio ya mtaa ilishatangaza tangu alfajiri. Watu walikuja, Mungu awabariki, ila wengi hawajui kundi lao, na ile dawa ya kupimia ilikuwa imebaki matone ya kuhesabu. Ukimpima kila anayekuja, itaisha kabla hujampata mwenyewe.

Papa Numbi alichokumbuka ni kwamba wenye O hasi waliwahi kuandikwa wanne au watano. Mmoja alikuwa ku Base, kule kambini. Jina halikumjia. Familia za wanajeshi zinahama, leo wapo, kesho wamepelekwa kwingine.

Daktari akapita mlangoni, kijana bado, macho mekundu. Akaniuliza, "Weye njo technicien?"

Nikasema ndiyo.

"Minyi naweza kungoya mpaka quinze heures. Kisha pale nitapasua tu, ikuwe damu, isikuwe."

Yaani saa tisa mchana. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Nikafungua kompyuta. Kifaa cha umeme kimeungua, ubao mkuu una alama nyeusi. Diski nikaitoa, nikaiunganisha na laptop yangu, nikaweka sikio.

Ikazunguka. Ilikuwa hai.

Wakuu, hapa kila mtu mle ndani alitaka niifungue moja kwa moja. Hata mimi mkono uliwasha. Kwanza nikachungulia tu bila kuandika kitu, nikaliona faili la orodha. Nikajaribu kulisoma: takataka tupu, limefungwa na programu ya wachangia damu iliyolitengeneza. Maana yake bila kuiwasha ile programu, hupati jina hata moja.

Nikasema lazima nitengeneze nakala ya diski nzima kwanza.

Maseri akaniangalia. "Inakamata wakati ngapi?"

"Nusu saa."

Nilisema uongo bila kujua. Diski ilikuwa na sehemu mbovu, ikawa inasoma, inakwama, inarudia. Nusu saa ikapita ikiwa haijafika robo.

Nilikaa kwenye benchi ya korido, laptop mapajani, waya umepita dirishani kwenda kwenye umeme wa jua wa maternité, wodi ya wazazi. Pembeni yangu alikaa mwanamume mmoja mwenye koti kubwa kuliko mwili wake. Ndiye Papa Kabange, mume wa Mado, mkulima wa mahindi na mihogo. Alikuwa anaangalia ule mstari kwenye skrini unavyojaa.

"Mama, hii mashini njo inatafutaka damu?"

"Apana, papa. Inatafuta mutu."

Akafikiri.

"Na ule mutu, iko anajua kama tunamutafuta?"

Akainama, akawa anasema taratibu kwa Kiluba, nikasikia tu "Vidye, Vidye". Anamwita Mungu. Nami nikaitikia moyoni, huku naangalia asilimia.

Nakala ilimalizika saa sita kamili. Saa tatu zimeondoka.

Nikawasha emulator, nikaipa ile nakala kama diski yake. Juu yake nikaweka snapshot. Kwa wageni wa mambo haya: ni kama kutandika karatasi nyembamba juu ya daftari na kuandika juu ya karatasi. Ukichafua unaitupa, daftari linabaki safi.

XP ikaamka. Ile sauti yake ya kuwaka ikasikika koridoni, Papa Numbi akapiga makofi.

Nikabonyeza programu ya wachangia damu.

"Carte réseau introuvable."

Kadi ya mtandao haionekani. Ikajifunga.

Papa Numbi akauliza, "Inaomba internet?" Hapana, haikuomba internet. Ilitaka kadi yenyewe. Kwa nini programu ya damu itake kadi ya mtandao? Sikujua bado. Nilijua tu kwamba emulator ilikuwa imeipa kadi, ila kwenye orodha ya vifaa XP ilikuwa imeweka alama ya njano ya kuuliza. Imeona kuna kitu, haikitambui.

Nikakumbuka somo ninalowapa vijana. Emulator haina kadi moja, ina aina nyingi za kuigiza. Usipochagua, inakuchagulia yenyewe, na ile iliyonichagulia mimi XP haina driver yake, ile programu ya kuitambulia. Kutafuta driver ningehitaji internet, na siku hiyo internet ya Kamina ilikuwa inakuja na kuondoka kama mvua ya mwezi wa tisa.

Lakini kuna kadi moja ya kizamani, rtl8139, ambayo XP imezaliwa nayo.

Nikazima, nikabadilisha neno hilo moja tu, nikawasha tena. Mlango wa kwenda nje niliufunga, maana mfumo wa zamani namna hiyo huuachi utembee mtandaoni peke yake.

Dakika nne. Laptop yangu ni mzee. Alama ya njano ikaondoka, kadi ikatambuliwa.

Nikabonyeza programu.

"Poste non autorisé. Essai 1 sur 3."

Yaani kompyuta hii hairuhusiwi, jaribio la kwanza kati ya matatu.

Sasa nilielewa. Aliyeitengeneza ile programu, mtu wa mradi fulani uliokwisha zamani, aliifunga kwenye kompyuta ile moja kwa kutumia MAC address, ile anwani ya herufi na tarakimu kumi na mbili ambayo kila kadi ya mtandao inayo. Programu inaangalia anwani. Isipoijua, inakataa. Ukikosea mara tatu, sijui inafanya nini, na sikutaka kujua.

Kadi yangu ya bandia ilikuwa na anwani yake ya bandia. Lakini emulator inakuruhusu kuandika anwani unayotaka! Nilichohitaji ni ile ya kadi iliyoungua.

Nikakimbilia kwenye lile boksi la kompyuta iliyoungua. Kadi ilikuwepo, imechomekwa, na juu yake karatasi ndogo ya gundi yenye anwani. Masizi yameifunika.

Wakuu, hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Nilikuwa naharakisha. Nikaona pamba na chupa ya alkoholi pale mezani kwa Papa Numbi, nikachovya, nikasugua. Masizi yakatoka. Na wino ukaanza kutoka pia.

Nikaacha papo hapo. Nikapuliza. Nikaangalia kwa tochi ya simu.

Kumi na moja zilisomeka. Ya kumi na mbili, ya mwisho, ilikuwa doa la bluu.

Nilikaa chini, kwenye sakafu. Kama ningetumia kitambaa kikavu, au ningepiga picha kwanza, ningezipata zote. Papa Numbi alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Simama, mama. Ile imebakia moya, si mbili."

Maneno yale yalinisimamisha kweli. Moja iliyobaki inaweza kuwa sifuri hadi tisa, au A hadi F. Kumi na sita kwa jumla. Kila jaribio ni kuzima, kubadilisha, kuwasha, dakika nne. Nikifika mwisho ni zaidi ya saa nzima. Na zile mara tatu za kukosea hazikunitisha tena, kwa sababu kila nikikosea natupa snapshot, programu inarudi kama haijawahi kuniona.

Ilikuwa saa saba na robo.

Nikampa Papa Numbi ile kadi. "Papa, weye unaangaliaka mu microscope kila siku. Niambie hii alama inafanana na nini."

Akaiweka chini ya darubini yake. Akazungusha, akazungusha.

"Iko na mugongo wa kuviringana. Ku mukono wa kushoto."

Basi 1, 4 na 7 nikaziweka mwisho kabisa. Nikaanza na 8.

Non autorisé.

6.

Non autorisé.

Muuguzi mmoja akaja mbio kumwita Maseri. Maseri alirudi baada ya muda, akasimama ukutani, anahesabu rozari.

0. Non autorisé.

9. Hii niliandika vibaya, nikalazimika kurudia, dakika nane zimeenda. Non autorisé.

Papa Kabange alikuwa ameingia hadi mlangoni mwa maabara na hakuna aliyemfukuza.

C.

XP ikawaka. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeupe kwa muda, nikadhani imekufa.

Kisha ikafunguka. Dirisha la kijani, "Bienvenue", karibu, na majina.

Hakuna aliyeshangilia. Papa Numbi aliniondoa kwenye kiti kwa bega, akaandika O, akachagua négatif, akabonyeza.

Watu watano.

Maseri akaanza kupiga simu palepale, mimi nasoma namba.

Wa kwanza, simu imezimwa. Wa pili, mtoto wake akapokea, akasema baba alishafariki. Wa tatu yuko Kalemie. Wa nne, namba haipo tena.

Wa tano alikuwa mwanamke, Wivine, na mahali pa makazi pameandikwa Base.

Ikaita mpaka ikakatika. Maseri akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache.

Mara ya tatu ikapokelewa. Maseri akaweka sauti ya juu.

Mama Wivine ni mtu wa mkoa wa Équateur, Kiswahili chake amejifunzia kambini. Anakaanga mikate, yaani maandazi ya kwetu, na kuyauza nje ya nyumba za wanajeshi. Maseri akamweleza haraka haraka.

Tukasikia kuku upande wa pili.

"Maseri, minyi niliishaka kutoa damu kwenu mara moya," akasema. "Nilirudia ku nyumba kizunguzungu, nikaanguka njiani. Hata mutu mumoya hakunipigia simu kuuliza kama nilifika. Leo njo munanikumbuka?"

Nilimwangalia Maseri. Nilidhani atabembeleza, atataja Mungu, atasema kuna mtoto tumboni. Angeweza.

Akasema, "Uko na haki, mama. Tulikosea. Sina neno ya kujitetea. Leo ninakuomba."

Mama Wivine akauliza:

"Ule mama anaitwa nani?"

"Mado."

"Iko na batoto bengine?"

"Babili."

"Niko na bunga yangu inavimba hapa," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayetafuta viatu. "Niache nipatie jirani. Mutume moto."

Moto ilishatoka kabla hajamaliza. Kutoka mjini hadi Base na kurudi si mchezo, barabara ni mchanga. Tulisimama getini, mimi, Papa Numbi na Papa Kabange. Saa nane na nusu. Saa nane na dakika arobaini. Daktari alitoka mara moja, akaangalia barabara, akarudi ndani kunawa mikono.

Saa tisa kasoro dakika nane tukaona vumbi.

Alishuka mama mnene, kitambaa kichwani, unga umekauka kwenye vidole. Hakusalimia mtu. "Ni wapi?"

Papa Numbi alimpima kwa matone yale ya mwisho. O négatif, kama ilivyoandikwa. Akampima yale magonjwa mengine, safi. Akachanganya na damu ya Mado, tukamwona anaangalia kioo, anaangalia, halafu akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Daktari alisubiri kupita quinze heures. Dakika ishirini alizidisha. Baadaye aliniambia dakika zile ndizo ndefu kuliko zote alizowahi kuishi.

Mfuko ulipojaa ukapelekwa chumba cha upasuaji ungali na joto.

Mtoto alitoka amechoka, ilibidi wamhangaikie mpaka alie, na alilia kidogo tu, lakini alilia. Wa kike. Mado alifumbua macho jioni. Alikaa hospitali karibu wiki tatu, ndiyo akarudi kijijini kwa miguu yake.

Mama Wivine hakungoja hayo yote. Safari hii Maseri alimlaza kitandani saa nzima, akampa sucré baridi, yaani soda, na mkate wenye mayai, na namba yake ikaandikwa ukutani. Alipoamka alisema anataka kwenda, mikate haijikaangi.

Papa Kabange alimfuata hadi kwenye moto. Hakuja na kitu chochote cha kumpa, na lugha zao hazikukutana vizuri. Akavua lile koti lake kubwa, akafuta vumbi lote kwenye kiti cha moto, polepole, kona zote, kama anafuta meza ya altare. Kisha akasema "Wafwako, mama", asante, akamshika mkono mpaka akapanda.

Mama Wivine, aliyekuwa mkali tangu kwenye simu, alijifuta macho kwa kile kitambaa cha kichwani.

Kesho yake tulichapa orodha nzima. Papa Numbi akainakili pia kwa mkono kwenye daftari mbili, moja inakaa maternité. Ile mashine ya kuigiza bado inafanya kazi pale hospitali kwenye laptop waliyopewa na parokia, na anwani ya kadi nimeiandika kwa rangi ya kucha nyuma ya skrini.

Nilichojifunza, wakuu?

Nakala kwanza, hata kama watu wanakulilia. Zile saa tatu ziliniuma, lakini bila nakala ningeimaliza ile programu kwa majaribio matatu.

Pili, piga picha kabla hujagusa. Na alkoholi iweke mbali na karatasi yenye wino. Hilo nimelipa kwa jasho.

Na mashine ya zamani ikikataa kadi ya mtandao, usikimbilie kulaumu mfumo. Angalia aina ya kadi uliyoiigiza, ya zamani inataka ya zamani.

La mwisho si la kompyuta. Kila mmoja wetu hapa ana hospitali karibu. Nendeni mkaulize orodha ya wachangia damu inakaa wapi, na nani aliwapigia simu mara ya mwisho kuwauliza kama wanaendeleaje.

Wajuzi wa emulator, njooni mnikosoe: kulikuwa na njia ya kubadilisha ile anwani bila kuzima mashine kila mara? Nimesikia ipo. Na kama kuna mtu kashawahi kupoteza dakika kama nilivyopoteza mimi kwa kusugua, naye aseme tu, nisichekwe peke yangu.